Barabara Ipite Kwangu

Anyitike alipoingia uani mchana ule, Tupokigwe alikuwa anamkatia ng'ombe matete, na wala hakuinuka. Alimwona. Aliuona mwendo wake wa kuchagua pa kukanyaga, buti zake zilizolowa udongo mweusi wa bondeni, na ile karatasi ndefu aliyoikunja na kuibana kwapani kama mtoto aliyelala. Akasubiri moyo wake ushtuke, kama mioyo ya wanawake wengine inavyoshtuka. Moyo ukakaa kimya kama mtu ambaye hajaitwa.

"Hodi hapa."

"Karibu."

"Za tangu juzi?"

"Nzuri. Mama yupo barazani. Kamsalimie kwanza, asije akasema umepita kama upepo."

Bibi Alinanuswe, mama mkwe wake, alikuwa amekaa kwenye mkeka akimenya ndizi za mchana. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani na kuifunika nusu ya migomba, kwa hiyo alimjua mgeni kwa sauti kabla hajamwona uso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kupima tena? Shamba halijakua tangu juzi."

"Leo sijaja kupima, mama. Nimekuja kuzungumza."

"Na nani?"

Anyitike akageuka kumtazama Tupokigwe. Bibi Alinanuswe akatupa ganda la ndizi kwenye ndoo na kuelekeza kisu upande wa zizi.

"Haya. Kazungumzeni pale ninapowaona."

Mji wa Tukuyu ulikuwa umetanuka upande wa Kawetele mpaka watu waliokuwa wakulima wakaamka siku moja na kuambiwa kwamba sasa wanakaa mjini. Nyumba za bati jipya zilikuwa zimeota katikati ya mahindi. Ndipo mtaa ukaajiri kampuni ya upangaji, na kampuni ikamleta Anyitike, kijana wa Lufingo aliyesomea mipango miji Dar es Salaam. Watu walitegemea awachoree viwanja kama vya kila mahali, ukuta kwa ukuta. Yeye akazunguka mashamba wiki nzima, kisha akaleta mchoro wa namna yake. Nyumba zikae mbele, kando ya barabara. Nyuma ya kila nyumba ibaki bustani, na bustani za majirani zipakane mgongo kwa mgongo, ili migomba, maharage na mazizi ya ng'ombe wa maziwa yapate nafasi, na mfereji mmoja uwahudumie wote. Wazee waliukagua mchoro ule kwa muda mrefu. Mmoja akasema, "Kumbe mtu anaweza kuwa wa mjini na bado akala cha kwake."

Katika kuzunguka huko ndiko alikoanza kuomba maji kwa Tupokigwe. Yeye akampa maziwa ya mgando. Kesho yake akaja tena, na maziwa yakawa desturi. Jioni moja, pale mfereji unapokata kona, Anyitike alimwambia kwamba anampenda. Tupokigwe alimtazama, akafikiri, akasema, "Nimekusikia." Basi. Mpaka leo hakuwa ameongeza neno.

Walipofika zizini Anyitike hakujua aweke wapi mikono.

"Shemeji yako Erasto amekwenda kwa mwenyekiti," alisema. "Anadai nimehamisha barabara kwa ajili yako."

Tupokigwe akashika fungu jingine la matete. Mchoro wa kwanza ulikuwa umepitisha barabara katikati ya migomba yake. Wa pili ukaipandisha juu, ukakata pembe ya kiwanja cha Erasto, mdogo wake marehemu mumewe, pale alipokwisha kuchimba msingi wa fremu za maduka.

"Uliihamisha kwa ajili yangu?"

"Watu nimewaambia ni kwa sababu ya maji. Huku chini maji yanatuama, yatahitaji makalavati. Na ni kweli."

"Basi jibu unalo."

"Huko juu nako kuna mwamba. Mtu mwingine angechora huku au kule, na asingelaumiwa." Anyitike alishusha pumzi. "Nimejiuliza sana mkono wangu ulisukumwa na nini, Tupo. Maji, au wewe. Sijui. Nikisema ni maji peke yake nadanganya. Nikisema ni wewe peke yako nadanganya pia."

"Na wakiukataa mchoro?"

"Kampuni italeta wa kawaida. Nyumba, choo, ukuta. Bustani zote zitakwenda, siyo yako tu. Hizi kaya zote za bondeni." Akasogea hatua moja, kisha akakumbuka baraza, akasimama. "Niambie nifanye nini. Niseme ukweli? Ninyamaze? Nisije tena hapa? Nitafanya utakalosema."

"Unataka nikwambie nini?"

"Kwamba unaumia. Kwamba unafurahi nikija. Hata ukiniambia unanichukia, nitashukuru, nitajua pa kuanzia."

Macho yao yakakutana juu ya mgongo wa ng'ombe. Yake Anyitike yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na yalimtazama kama mtu anayegonga mlango huku akijua ndani kuna watu. Tupokigwe aliyaona yote hayo. Aliona hata kwamba ni macho mazuri.

"Sina," alisema.

"Huna nini?"

"Hicho unachokitafuta. Na mimi nimekitafuta. Sina."

Anyitike akaitikia kwa kichwa, akaiweka karatasi yake kwapani vizuri zaidi, na kuaga. Tupokigwe akaendelea kukata matete. Kitu pekee alichokigundua ni kwamba alikuwa amekata mengi kuliko ng'ombe anavyoweza kula.

Ganzi hiyo haikuanza kwa Anyitike. Simon, mumewe, alikufa kwa pikipiki kwenye barabara ya Masoko, msimu wa mvua kubwa. Watu walijaa uani, wanawake wakaja wakilia kutoka mbali kama inavyopasa, na katikati ya kilio hicho mjane alikaa kwenye mkeka, macho makavu, akiuliza kama wageni wamepata chai. Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Ilisemwa kwamba moyo wake ni wa jiwe. Yeye hakubisha, maana hata maneno hayo hayakumuuma. Alifagia, alikamua, alikwenda kanisani, aliimba nyimbo zote mpaka ubeti wa mwisho. Alikuwa kama mtu anayeishi nyumba ya jirani ya mwili wake mwenyewe.

Walipokaa kula, Bibi Alinanuswe alimega ndizi, akaipuliza, akairudisha kwenye sahani.

"Huyo kijana anakutaka."

"Amesema."

"Na wewe?"

"Sijui, mama."

"Mimi simpendi." Akatafuna kidogo. "Siyo kwamba ana ubaya. Hana. Lakini mwanamume akiingia nyumba ya Simon, Erasto atasema shamba la kaka yake limeolewa na mgeni. Atalichukua. Utaondoka na mumeo kwenda Lufingo, na mimi nitahamia wapi? Kwa Erasto? Mkewe akinisalimia asubuhi ni kwa sababu amenikanyaga."

"Siondoki, mama. Siendi popote."

"Simon naye alisema hivyo hivyo," akajibu bibi. "Alisema, 'Siendi mbali, mama.' Akawasha pikipiki."

Tupokigwe akamwongezea mchuzi.

Mkutano ulifanyika Jumamosi asubuhi nje ya ofisi ya mtaa. Mchoro ulitundikwa ukutani, pembe zake zikashikiliwa kwa misumari. Wanaume walisimama upande mmoja, wanawake wakakaa kwenye nyasi juu ya khanga zao. Mzee Geresoni, mwenyekiti, aliyewahi kuwa mnyapara wa wachumaji chai, alisimamia mkutano kwa sauti ileile ya shambani.

"Mwaghonile!" aliwasalimu. Wakaitikia. "Tumekuja kupitisha au kukataa. Tusikae hapa mpaka mvua. Nani wa kwanza?"

Erasto alikuwa amekwisha kusimama.

"Mwenyekiti, mimi bustani sizipingi. Na mimi nakula ndizi." Watu wakacheka kidogo. "Nauliza jambo moja tu. Barabara ilikuwa huku chini. Tumelala, tumeamka, iko juu, kwenye msingi wangu. Hii barabara ina macho? Ilimwona mjane ikaona haya, ikakwepa?"

Kicheko sasa kilikuwa kikubwa. Mwanamke mmoja akafunika mdomo kwa khanga. Tupokigwe alijua kwamba kila mtu anamtazama, kama mtu anavyojua kuna baridi nje wakati yuko ndani.

"Afisa," Mzee Geresoni alisema, "umesikia. Jibu."

Anyitike alisogea mbele ya mchoro. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Alianza kueleza maji, mteremko, makalavati, na watu wakamsikiliza kwa adabu. Kisha Erasto akamkatiza:

"Hayo ya maji tumeyasikia. Ninachokuuliza ni hivi, na uape: huyu shemeji yangu hayumo kabisa katika uamuzi wako?"

Anyitike akageukia mchoro wake. Akatazama chini. Tupokigwe, aliyekuwa amemsikia zizini, alijua kabisa neno gani linakuja. Atasema "sijui." Mtu mwaminifu, mbele ya watu wenye hasira, atasema "sijui," na neno hilo moja litang'oa mchoro ukutani. Aliwaangalia wanawake wa bondeni waliokaa pembeni yake, kila mmoja na migomba yake, na ng'ombe wake, na vimajani vyake vya mboga. Hakuhisi huruma wala ujasiri. Aliona tu jambo linalotakiwa kufanywa, kama mtu anavyoona sufuria inataka kufurika. Akasimama.

"Barabara ipite kwangu."

Mzee Geresoni akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Sema tena, mama."

"Irudi pale ilipokuwa mwanzo. Ikate migomba yangu. Mengine yote kwenye mchoro yabaki yalivyo. Bustani zibaki."

"Tupo," Anyitike aliita, taratibu, akasahau kwamba yuko mbele za watu.

Hakumtazama. Kipande kile ndicho Simon alichokipanda kwa mikono yake mwaka waliooana. Alilikumbuka jambo hilo kama mtu anavyokumbuka jina la wilaya.

Erasto aliruka kama aliyeokota fedha.

"Mmesikia! Kasema mwenyewe, hajalazimishwa! Mwenyekiti, watu wote hawa ni mashahidi. Mwenye shamba ametoa shamba lake kwa hiari yake, asije kesho akatugeuka!"

"Erasto." Sauti ilitoka kwenye nyasi. Ilikuwa ya Bibi Alinanuswe, ambaye hakuwa amesimama. "Hebu rudia hapo."

"Wapi, mama?"

"Hapo uliposema. Mwenye shamba."

Ilichukua kitambo. Kisha mtu mmoja nyuma akaguna, mwingine akapiga kofi la paja, na kicheko kikatembea safu kwa safu mpaka kikamfikia Erasto mwenyewe. Alikuwa ametangazia mtaa mzima kwa miezi mingi kwamba shamba la marehemu kaka yake ni la ukoo na yeye ndiye mwangalizi. Sasa akautazama msingi wake uliookoka kule juu ya kilima, akakaa chini.

"Basi tumesikia sote," Mzee Geresoni alisema, bila kucheka. "Mwenye shamba ni Tupokigwe, mke wa marehemu Simon. Ametoa kipande kwa ajili ya barabara, na kilichobaki ni chake. Mwenye kupinga anyooshe mkono."

Hakuna mkono ulionyooshwa. Mchoro ukapita. Watu wakapiga makofi, wanawake wa bondeni wakamshika mabega Tupokigwe wakimshukuru, ndaga, ndaga fijo, na mmoja wao akalia kabisa. Yeye aliyasikia makofi kama mvua inayonyesha kwenye bati la jirani. Alipogeuka, Anyitike alikuwa anautoa mchoro ukutani, msumari mmoja mmoja, na mabega yake yalikuwa ya mtu aliyeshindwa.

Njiani kurudi nyumbani, Bibi Alinanuswe alimshika mkono kwa ajili ya utelezi.

"Ulijua Erasto atasema vile?"

"Hapana, mama."

"Basi Mungu ana masikio." Wakatembea. "Uliumia?"

"Hapana."

Bibi akamtazama kwa muda mrefu, akatikisa kichwa.

Bikoni za kuonyesha mipaka ya barabara ziliwekwa wiki iliyofuata, na siku ya kufyeka majirani walikuja na mapanga bila kuitwa. Tupokigwe alisema mgomba wa kwanza ataukata mwenyewe. Aliukata. Ulikwenda chini kwa sauti laini, na utomvu ukamrukia mikononi na kwenye gauni. Akahamia wa pili. Nyuma yake wanawake walichimbua machipukizi na kuyabeba kwa ndoo kwenda kuyapanda kwenye bustani zao, wakibishana yupi achukue yapi. Kazi ilikwenda vizuri. Yeye alikata, akasogea, akakata, na mawazo yake hayakuwa mahali popote.

Anyitike alikuja kazi ikiwa nusu. Leo hakuwa na buti. Alivaa viatu vya safari na shati safi, na begi lilikuwa begani.

"Nimekuja kuaga," alisema.

Tupokigwe akasimama, panga mkononi.

"Nimeomba kampuni wanihamishe. Kuna kazi Masoko, karibu na ziwa. Atakuja mwenzangu kumalizia hapa." Alikuwa anasema haraka, kama mtu aliyejifunza maneno hayo njiani. "Watu watanyamaza nikiondoka. Heshima yako itarudi. Nimeona ndivyo ilivyo vyema kwako."

"Vyema kwangu."

"Ndiyo."

"Nani kakwambia?"

"Tupo, nilifikiri..."

"Ulifikiri!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka, ikamshangaza yeye mwenyewe. "Wewe na nani mlikaa mkafikiri? Mimi nilikuwepo? Ulikuja zizini ukaniambia utafanya nitakalosema. Nilikwambia uondoke? Nilisema hivyo mimi?"

"Ulisema huna..."

"Nilisema sina! Sikusema ondoka! Hayo ni maneno mawili tofauti, na wewe umesoma!" Akalishindilia panga kwenye shina lililokuwa mbele yake, likabaki limekwama. "Unajua nani kapanda hii migomba? Unajua? Nimeikata kwa mkono wangu ili mchoro wako usimame, ili watu wasipate la kukusema, na ndiyo kwanza utomvu haujanikauka mikononi, wewe unakuja na begi! Kila mtu katika nyumba hii anaondoka kwa sababu ameona ni vyema! Hakuna anayeuliza! Anawasha, anakwenda!"

Mapanga yalikuwa yamenyamaza shamba zima. Wanawake walisimama na ndoo zao kichwani.

"Tupo," Anyitike alinong'ona, "watu wanasikia."

"Wasikie! Si ndiyo kazi yao?"

Alitaka kumpiga. Alitaka kuushika ule mkanda wa begi na kuukata kwa panga. Damu ilikuwa inampiga masikioni kwa nguvu mpaka akaogopa, maana alikuwa amesahau kabisa kwamba mwili unaweza kufanya hivyo.

Mwanamke mmoja wa makamo akaweka ndoo chini na kwenda kumtuliza. Bibi Alinanuswe, aliyekuwa anashuka na kikapu cha magimbi ya kuchemsha kwa ajili ya wafanyakazi, akanyoosha mkono kumzuia.

"Mwache," alisema.

"Mama, anagombana mbele za watu..."

"Nimesema mwache agombe. Tangu tumzike Simon sijamsikia akigombana na mtu." Macho ya bibi yalikuwa yamejaa maji, lakini sauti ilikuwa kavu. Akakitua kikapu, akamgeukia Anyitike, aliyekuwa amerudi nyuma hatua moja na begi lake. "Na wewe! Unakwenda wapi? Mtu hasafiri anapogombezwa. Vua hilo begi, ukae chini, usubiri amalize."

Anyitike akalivua begi. Akakaa juu ya mgomba ulioanguka, mikono magotini, uso ameuinua, na Tupokigwe akavuta pumzi, akaendelea.